Jumatano saa sita na robo, chini ya kuba la vioo

Wanaonijua wanajua Jumatano mchana wasinitafute. Simu iko kimya, WhatsApp sijibu, na ukinipigia mara tatu mfululizo nitajua kuna msiba. Rafiki zangu hapa Chicago walishadhani nimepata mchumba, mwingine akasema labda nimeingizwa kwenye zile biashara za kuuza sabuni na kutafuta watu wa chini yako, kumbe wala. Jumatano saa sita na robo mi nakuwa nimekaa ghorofa ya tatu kwenye jengo la zamani pale mtaa wa Washington, namsikiliza mtoto wa watu wa miaka 20 na kitu anapiga piano, na silipi hata senti.

Ilivyoanza ni aibu lakini nitasema. Nilikuwa natafuta choo.

Waliowahi kukaa huku wananielewa. Unaweza kuzunguka dauntauni nusu saa nzima umebanwa na kila mlango unakwambia choo ni cha wateja, mpaka ununue kahawa ndio upewe namba za kufungulia mlango, na hiyo kahawa nayo ukishaimaliza inakuletea safari nyingine ya choo. Ilikuwa Februari, ule upepo wa ziwani unaokutoa machozi halafu machozi yenyewe yanagandia kwenye kope, nimetoka shifti ya usiku kwa bibi ninayemlea, sijalala, nina miadi ya makaratasi kwenye ofisi moja saa nane na saa hizo ni saa tano na ushee. Kituo cha basi kulikuwa na mama mmoja ana mifuko yake mitano sita, nadhani aliniona navyokanyaga kanyaga chini, akanionyesha mlango kwa kidevu, ingia pale, pale hawamuulizi mtu.

Sasa mimi ni mtu wa kuulizwa. Miaka ya nyuma nikiwa bado Dar niliona bango la onyesho la piano na fidla kwenye ukumbi mmoja wa maana, chini wameandika karibuni wote. Nikavaa gauni langu la Pasaka, nikapanda daladala mbili, kufika getini mlinzi ananiangalia kuanzia viatu kwenda juu. Dada, una kadi? Sina kadi kaka, bango limesema wote. Akasema ngoja nikamuulize bosi, akaingia ndani, na mpaka leo hajarudi. Nilikaa pale nje kwenye ukingo wa bustani nikausikia muziki kwa mbali umechanganyika na jenereta, nikaondoka kabla daladala hazijaisha. Yule kaka simlaumu. Bango lilikuwa linakaribisha wote ila geti lilikuwa halijasoma bango.

Kwahiyo hiyo siku ya Februari naingia kwenye lile jengo nimeshaandaa na sentensi ya kujieleza, na mlinzi wala hakuinua macho, anaongea na mwenzie habari za mpira. Choo nikakipata, kisafi, maji ya moto. Natoka naona watu wanapanda ngazi, wazee na mikongojo yao, wafanyakazi wa maofisini wana vitambulisho shingoni na wengine wameshika chakula kwenye kopo, mzee mmoja amevaa makoti matatu moja juu ya jingine anaburuza begi. Watu wakienda kwa mwendo ule mara nyingi mbele kuna chakula. Na nje kuna baridi. Nikafuata.

Hilo jengo linaitwa Chicago Cultural Center. Lilifunguliwa 1897 kama maktaba kuu ya mji, na ngazi zake ni marumaru nyeupe tupu, pembeni kumepambwa kwa vipande vidogo vidogo vya kioo na magamba ya chaza vinavyometameta ukipita, halafu ukifika juu unaingia kwenye ukumbi wa Preston Bradley, na pale nilisimama mlangoni mpaka mtu wa nyuma akanigusa bega nisogee. Juu ya kichwa kuna kuba la vioo vya kampuni ya Tiffany, upana wake kama mita 11 na nusu, vipande vya kioo karibu 30,000 vimeunganishwa mfano wa magamba ya samaki, na pale kileleni kabisa kuna zile alama za nyota, nge, mizani, mapacha, kaa. Nilikaa nikawa naitafuta ya kwangu kama mtoto. Nimekuja kusoma baadaye kwamba maktaba yenyewe ya umma ya mji huu ilianzia kwenye tangi la maji, tangi kabisa la chuma lililoachwa, 1873, kwa sababu mji ulikuwa umeungua vibaya 1871 na Waingereza walikuwa wametuma vitabu vya msaada na hakuna pa kuviweka. Kutoka tangi mpaka kuba la vioo, miaka 24. Hilo nalipenda sana sijui kwanini.

Akatokea mtu wa redio akasema tunaingia hewani baada ya dakika moja, tafadhali zimeni simu. Ukumbi mzima ukanyamaza, na ule ni ukumbi wa marumaru, ukinyamaza unanyamaza kweli, tumbo la jirani unalisikia. Mi nilikuwa na chapati mbili kwenye mfuko wa nailoni mapajani. Wote mnaujua mfuko wa nailoni. Nikikohoa unalia, nikipumua unalia, ikabidi niushike kwa mikono miwili kama nimeshika kuku.

Binti akaja, mwembamba, gauni la bluu, akakaa kwenye piano, hakusalimia wala nini, akaanza. Siwezi kuwaambia alipiga nini maana siku hiyo nilikuwa sijui hata kusoma ile karatasi ya programu, najua tu kwamba ilianza kwa nguvu, ikapoa, halafu ikafika mwisho, mwisho mkubwa kabisa, pam! pam! Nikapiga makofi. Peke yangu. Makofi matatu hivi, yakaenda juu kwenye kuba yakarudi. Na chapati zikaanguka.

Kumbe huwa hawapigi makofi mpaka kitu kizima kiishe, na kitu kizima kinaweza kuwa na vipande vitatu au vinne, katikati wanakaa kimya wanakohoa tu, yaani kukohoa ruksa ila kushangilia marufuku. Nilitamani ardhi inimeze na redio hewani. Mzee aliyekaa pembeni yangu akainama akaniokotea mfuko, akaninong'oneza kwamba zamani watu walikuwa wanapiga tu. Nilidhani ananipoza, nikaenda nikatafuta, ni kweli. 1778 Mozart, yule mtunzi wa muziki, yuko Paris anamwandikia baba yake barua, amefurahi mno kwa sababu wakati simfoni yake inapigwa watu walishangilia palepale katikati, walipofika sehemu tamu hawakungoja, na ilipoisha akaenda zake kula aiskrimu kubwa na kusali rozari aliyokuwa ameweka nadhiri. Sasa mwenye muziki alifurahi, hii sheria wameileta watu waliokuja baada yake. Bado sipigi makofi katikati, sina ubavu huo, lakini moyoni napiga.

Ila sababu ya kurudi Jumatano iliyofuata haikuwa kuba wala yule mzee. Yule binti alipomaliza watu wakasimama, akarudi akakaa tena, akapiga kitu kifupi cha nyongeza. Kinaanza na sauti zinazotembea tatu tatu, taratibu, kama maji ya mfereji, halafu chini yake polepole ukapita wimbo. Na ule wimbo nikaujua.

Nilikuwa naujua toka sina meno ya mbele! Nimekulia Kilimanjaro, Walutheri, na baba yangu mdogo alikuwa anapuliza kwenye matarumbeta ya usharika, yeye na lile dubwana la besi la kuzungushia begani, na wimbo huo ndio waliokuwa wanaufanyia mazoezi jioni nyuma ya kanisa chini ya mparachichi, sauti moja moja. Kwahiyo mi nilikuwa naujua kutokea chini, naijua besi yake kuliko wimbo wenyewe, buum, buum, maana baba mdogo akirudi nyumbani aliendelea kuirudia uani mpaka mbuzi wanahamaki. Siku hiyo pale ghorofa ya tatu mkono wa kushoto wa yule binti unashuka na mimi najua unashukia wapi kabla haujafika. Nililia jamani. Na mfuko wangu wa chapati.

Hicho kipande ni cha Bach, mtunzi wa Kijerumani, kwa Kiingereza wanakiita Jesu, Joy of Man's Desiring, kimetoka kwenye kazi yake moja ya kanisani ya 1723, mwaka alioanza kazi Leipzig, mji wa Ujerumani. Na wimbo ulio ndani yake hata si wake, ulitungwa 1642 na mtu anaitwa Johann Schop, ulikuwa wimbo wa kawaida tu wa Walutheri, Bach akauchukua akauzungushia yale maji. Sasa nani alileta Ulutheri kwetu mlimani? Wamisionari wa Leipzig, walifika Kilimanjaro 1893. Leipzig hiyohiyo. Yaani wimbo ni huohuo, upande mmoja wameupeleka kwenye kumbi za watu wa suti na kadi za mwaliko, upande mwingine umepanda meli ukaja kukaa kwetu chini ya mparachichi na mbuzi, halafu mi nakwenda kuzuiwa getini Dar nisije nikasikia muziki wa wenyewe.

Nikisema hivi kuna watu wataanza, ooh muziki wa wakoloni, ooh tuache ngoma zetu. Ngoma zetu nazicheza, harusini mnanionaga. Ila baba mdogo kapuliza ile besi miaka zaidi ya 30, huwezi kumwambia leo kwamba si yake.

Nimalizie habari ya yule binti na kile kipande, maana hakukichagua tu. Hizi konsati za Jumatano zinaitwa Dame Myra Hess Memorial Concerts, na huyo Myra Hess ndiye aliyekiandika kile kipande cha Bach upya kwa ajili ya piano, kikachapishwa 1926, na ndivyo wapiga piano wengi wanavyokipiga mpaka leo. Alikuwa Mwingereza, Myahudi, mzaliwa wa London 1890. Septemba 1939 vita vimeanza, serikali ikafunga kumbi zote za muziki na sinema kwa kuogopa mabomu, usiku taa marufuku, na ile nyumba kubwa ya picha pale London, National Gallery, wakaondoa picha zote wakazificha mbali. Ikabaki kuta tupu na alama za picha zilipokuwa. Myra Hess akaenda kwa mkurugenzi, Kenneth Clark, akamwomba wafanye muziki mle ndani mchana, watu wakitoka kazini kula. Clark akasema kwanini iwe mara mojamoja, iwe kila siku.

Konsati ya kwanza ilikuwa tarehe 10 Oktoba 1939. Alikuwa anategemea watu wachache, rafiki zake na rafiki wa rafiki, foleni ikafika karibu watu 1,000, imezunguka nje. Akawapigia Beethoven na Bach na Brahms. Wajerumani, mnaona? Nchi inapigana na Ujerumani na Myahudi anawapigia Waingereza muziki wa Wajerumani saa ya chakula cha mchana. Na waliendelea hivyo Jumatatu mpaka Ijumaa kwa miaka sita na nusu. Mabomu yalipozidi walishuka chini kwenye vyumba vya kujificha, siku moja likakutwa bomu halijalipuka ndani ya jengo, wakahamisha muziki kwenye chumba cha mbali wakaendelea. Mpaka wanafunga Aprili 1946 zilikuwa zimefanyika konsati 1,698, na watu walioingia wamehesabiwa mmoja mmoja, 824,152. Waliweka na kantini, sandwichi zao za asali na zabibu kavu zikawa maarufu kuliko baadhi ya wanamuziki.

Niseme ukweli lakini, zile hazikuwa bure. Kiingilio kilikuwa shilingi moja. Shilingi, neno letu hilo la kila siku. Ila shilingi moja ilikuwa unalipa wewe na anayekaa pembeni yako hata kama ni nani, viti havina namba, na ukichelewa unakaa chini sakafuni na sandwichi yako. Geti lilikuwa limesoma bango.

Za hapa Chicago zilianza 1977 na hizi ndio bure kabisa, na wanaopewa nafasi ni vijana wanaoanza, wengi wametoka tu vyuoni. Dakika 45. Mi nasema hizo dakika 45 ndio siri yenyewe, watu wanadhani siri ni bure. Bure peke yake haitoshi, vitu vingapi vya bure hatuendi? Hii ni mchana, mtu wa shifti anaweza, mtu wa ofisini anaweza, mama anayesubiri mtoto atoke shule anaweza, ukiona huelewi basi ni dakika 45 tu utavumilia na umekaa penye joto. Usiku ingekuwa saa mbili na nusu hadi saa nne, wenzangu tunaobeba boksi tungeisikia kwa watu.

Nilishakwenda mara ngapi sijui sasa. Nimesikia selo, ile fidla kubwa inayoshikwa katikati ya magoti, ambayo kwangu mimi ndio inakaribia sauti ya mtu kuliko zote, nimesikia fidla nne, nimesikia kaka mmoja wa klarineti ambaye sikumpenda hata kidogo, anacheza na mabega. Si kila wiki ni tamu. Kuna Jumatano nimelala usingizi wa kweli mpaka mdomo wazi, nimetoka shifti ya masaa 12, na hakuna aliyeniamsha. Yule mzee wa makoti matatu yeye hulala kila wiki, kiti kilekile cha nyuma karibu na nguzo, anaamka mwisho anapiga makofi kuliko wote.

Kiangazi ndio habari nyingine, maana kuna ile ya bustanini, Grant Park Music Festival. Hiyo ni okestra kamili na kwaya, jioni, nje, na hukati tiketi. Ilianza 1935 wakati uchumi umeanguka na sinema zenye sauti zimeshawanyang'anya kazi wanamuziki, maana zamani kwenye sinema bubu kulikuwa na mtu analipwa kupiga piano au hata bendi nzima, sauti ilipokuja wote nje. Basi mwenyekiti wa chama chao hapa Chicago, James Petrillo, akaibana Halmashauri ya bustani za mji waweke konsati za bure, wasikilizaji wapate muziki na wanamuziki wapate mshahara. Hapo ndipo nilipomheshimu. Hakuomba watu wajitolee kwa ajili ya sanaa, aliomba ajira. Tangu 2004 wapo pale Millennium Park kwenye lile jukwaa la mabati yanayojikunja kama ukurasa unaopeperushwa na upepo, viti 4,000, nyuma majani ya watu 7,000, na juu ya majani wametandaza mabomba yameshika spika ili hata ukiwa mbali usikie kama uko mbele. Viti vya karibu wanakaa waliolipia uanachama, sisi wengine tunatandika.

Na tunatandika kweli. Mimi na Wakenya wawili na dada mmoja wa Bukavu, mkeka wa ukili niliotoka nao Tanga, sambusa, chupa ya chai. Wazungu wanakuja kuuliza huo mkeka mmenunua wapi. Watoto wanakimbia, ndege inapita juu, ving'ora vya ambulensi vinaingilia palepale fidla zinaponong'ona, na hakuna anayekugeukia kwa jicho baya. Dada wa Bukavu yeye anaongea mwanzo mwisho, ile sehemu anayoipenda ndio ananyamaza, ananyoosha kidole juu, tunajua hapo sasa tusikilize.

Desemba nilipata kwenda kwenye kitu ambacho kama umewahi kuimba kwaya kitakuua. Mtu aliyeanzisha zile za Jumatano, Al Booth, mwaka mmoja kabla yake, 1976, alikuwa ameshaanzisha nyingine, Messiah ya Handel, ile kazi ndefu ya kwaya na okestra yenye Haleluya Kuu, ila hii ya kujifanyia mwenyewe. Okestra ipo, waimbaji wanne wa mbele wapo, lakini kwaya hakuna. Kwaya ni wewe uliyekuja kusikiliza. Unakuja na kitabu chako, unaimba. 

Nimefika nimechelewa, sina kitabu, sijui Kiingereza chake, pembeni yangu kaka mkubwa wa koti la michezo ana kitabu chake kimechakaa kimeshikwa na gundi. Nikawa nimekaa kama mgeni kwenye harusi. Mpaka ilipofika Haleluya Kuu, watu wote wakasimama kama wanavyosimama kwetu, na okestra ikaanza, na mimi sikuhitaji kitabu. Do, so la so. Do, so la so. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa anaandika solfa ubaoni kwa chaki, herufi tupu na nukta zake, hakuna aliyejua noti za mistari, sauti ya kwanza mstari wa juu, ya pili, ya tatu, besi, na alikuwa anatembea na fimbo ya kupigia mapigo ambayo siku nyingine ilipiga na mapaja. Nikaimba sauti ya pili yote kwa Kiswahili. Watu elfu na kitu wanaimba Kiingereza, mi naimba "atatawala milele na milele", silabi nyingine zinazidi nazibana palepale kama tulivyofundishwa kuzibana. Kaka wa koti akanigeukia katikati ya Haleluya. Nikajua hapa sasa naulizwa. Akanisogezea kitabu, akaona siangalii, akakirudisha, akacheka, tukaendelea.

Hiyo Messiah yenyewe mara ya kwanza ilipigwa Dublin tarehe 13 Aprili 1742, na pesa ilikwenda kuwalipia watu waliofungwa kwa madeni, na nyingine kwa hospitali mbili. Ukumbi ulikuwa mdogo, wakatangaza wanawake tafadhali msivae yale magauni ya kupanuliwa na fremu, na wanaume muache panga zenu nyumbani, ili waenee. Wakaenea 700. Kila nikibanana na watu kwenye konsati nawaza yale magauni.

Sasa baba mdogo. Nilimwambia habari za yule binti na besi yake ya mparachichi, akawa haamini, mpaka nilipomtumia linki ya redio ya hapa, WFMT, maana hizi za Jumatano zinakwenda mubashara na unazisikia popote kwenye intaneti. Kwetu inakuwa saa mbili na robo usiku. Ana miaka 70 na zaidi, meno ya kupulizia hana tena, simu anayo ya mjukuu. Nikamnunulia bando. Wiki ya kwanza akanitumia voisi, "huyo mtoto ana haraka, mwambie apumue." Wiki ya tatu nikasikia nyuma yake sauti za watu, nikamuuliza, shikamoo baba, uko na nani hapo? Kumbe kawaita wenzake wawili waliobaki kwenye yale matarumbeta, wamechomeka simu kwenye spika ya kinyozi hapo barabarani, wamekaa kwenye benchi. Wanapiga makofi katikati, kila kipande, nimewasikia. Sijawaambia kitu.

Mwezi wa kumi na moja Jumatano moja nimekaa zangu chini ya kuba bado hata piano haijafunguliwa, nimewahi mapema kuna jua zuri, simu ikatikisika. Voisi ya baba mdogo. Nikatoka nje kwenye ngazi nikaisikiliza.

"Mwanangu, tumekaa hapa toka saa mbili na robo, huyu mtu anaongea tu na kupiga masantuli. Huko kuna msiba?"

Nikakumbuka. Nikampigia nikamweleza, baba, huku wamebadilisha saa, winta ikikaribia wanarudisha nyuma saa nzima, kwahiyo kwenu sasa hivi mpaka saa tatu na robo. Akanyamaza. Nikamsikia anawageukia wenzake anawaeleza, mmoja akacheka, benchi likalia. Halafu akarudi kwenye simu.

"Wamerudisha saa. Na nani kawaruhusu?"